Mjadala: Shirikisho la Afrika Mashariki litatufaa nini sisi wa Kusini, na Msumbiji haimo?

Mleta mada (Mtwara mjini):

Wadau wa Kusini, kuchele! Naomba tulijadili hili kabla halijaletwa kwetu likiwa limeshapikwa na kupakuliwa.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999 unataja ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha, na mwisho shirikisho la kisiasa. Forodha ilianza 2005, soko 2010. Sarafu moja ilikuwa iwe mfukoni mwetu 2024, ikasogezwa mpaka 2031. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakakubaliana tuanze na konfederesheni, yaani muungano ambao kila nchi inabaki na dola yake ila mambo kadhaa yanaamuliwa pamoja.

Mimi naunga mkono, na sababu yangu si ile ya "soko kubwa" inayorudiwa kila warsha. Soko kwenye karatasi tunalo. Kumbukeni Julai 2025: serikali yetu ilitoa agizo kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni na kununua mazao shambani. Wakenya wakalalamika kwamba Soko la Pamoja limekanyagwa. Sasa nani wa kuamua? Mawaziri wanakutana, wanapeana mikono, wanatuambia mazungumzo yanaendelea vizuri. Wakuu wa nchi wanaamua kwa kauli moja, maana yake mmoja akinuna jambo limelala. Hata wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki wanachaguliwa na wabunge wenzao Dodoma. Mimi na wewe hatujawahi kuwapigia kura. Muungano wa kisiasa faida yake iko hapo: chombo chenye meno, na watu tunaoweza kuwang'oa wakituboa.

Kinachonikera ni kwamba ramani yote inatazama kaskazini. Kongo imeingia 2022, Somalia 2024. Mogadishu imo, Palma ya Msumbiji haimo. Mmakonde wa Kilambo ana shangazi, wajomba na pengine mke wa pili ng'ambo ya Ruvuma, kwenye mpaka uliochorwa na Mjerumani na Mreno mwaka 1886. Kiangazi maji yakipungua kivuko kinagombana na mchanga, watu wanavuka kwa mitumbwi, viroba vichwani. Hao ndio wanaoishi muungano kila wiki, na hakuna aliyewauliza.

Haya, mnasemaje?

Mkulima wa korosho, Tandahimba:

Mleta mada, umechagua mfano mbaya. Hilo agizo mimi nalipenda, hasa hapo pa mazao shambani.

Kangomba mnamjua? Anakuja miezi ya dhiki, ghala tupu, mtoto anadaiwa shule. Anakupa hela kiduchu, ikifika Oktoba anakuja na magunia yake kuchukua korosho kwa bei aliyojipangia. Tumepambana naye miaka mingi. Leo napeleka mzigo AMCOS, chama chetu cha ushirika, unapimwa, unaingia ghalani, mnadani inasomwa bei ya juu na ya chini mbele yetu. Isiporidhisha tunakataa, wanunuzi wanarudi kujipanga. Nimeona wakulima wakiguna tu, na bei ya chini ikafa palepale.

Mfumo una makato ya kuudhi, sibishi. Lakini nani atanihakikishia kwamba bunge la shirikisho, limejaa watu wasioujua mkorosho, halitasema mfumo huu wa stakabadhi ghalani ni kikwazo cha biashara huria? Kangomba wa hapa simuwezi vizuri, mniletee na wa mataifa manane?

Mstaafu, Lindi:

Wanangu, mie ile Jumuiya ya kwanza nimeiona. Ilianza 1967 ikafa 1977. Tulikuwa na reli moja, bandari moja, posta moja, ndege moja. Ikafa, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na wenzangu waliofanya kazi kwenye mashirika yale wakazeekea Dar es Salaam wakidai mafao. Wengine wamezikwa wakidai.

Lakini sababu mnaisahau. Baada ya Amin kupindua serikali Uganda 1971, Nyerere hakukaa naye meza moja, na chombo cha juu kilikuwa ni marais watatu tu. Wasipokutana wao, Jumuiya nzima imesimama. Kwa hiyo kijana hapo juu hajakosea kutaka chombo kisichotegemea urafiki wa wakubwa. Ila mtangulize mafao ya wafanyakazi kwenye katiba, kabla ya bendera na wimbo.

Chikongola, Mtwara:

Mimi hapana. Mei 2013 hapa tulisema gesi isiondoke kwanza, tuelezwe tunabaki na nini. Mnajua kilichotupata: mabomu ya machozi, nyumba kuchomwa, watu kufa. Bomba likajengwa, 2015 likakamilika, gesi ikaenda Dar. Serikali ya nchi yetu wenyewe haikutusikia. Ya Arusha, makao ya Jumuiya, itatusikia kwa sikio lipi?

Mwalimu, Nachingwea:

Wote mnazungumzia pesa. Mimi nazungumzia bunduki.

Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam 1962, na wapiganaji wake walifundishwa hapa Nachingwea. Wazee wetu waliwapokea bila kusubiri mkataba. Oktoba 2017 vita ya waasi ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ikaanza Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 ikavuka mto, kijiji cha Kitaya kikashambuliwa. Machi 2021 Palma ikavamiwa, watu wakakimbilia kwetu.

Nani alikuja kusaidia? Julai 2021 Rwanda ilitua kwanza kwa makubaliano yake na Maputo, na Rwanda si mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Kikosi cha SADC, chenye askari wetu, kikafuata, kikaondoka 2024. Rwanda ikabaki. Yaani Tanzania na Msumbiji ziko pamoja SADC tangu enzi za ukombozi, tuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala tangu 2010, na bado ulinzi wa jirani yetu wa damu umeshikwa zaidi na nchi isiyopakana naye.

Siilaumu Rwanda, iliitwa ikaja. Nasema tu kwamba muungano wa kisiasa ambao hauna neno juu ya Ruvuma, kwa mtu wa Kusini ni nusu muungano. (Na njia za usafiri pia. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea Mwingereza aliijenga kwa ajili ya karanga, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tunajua vitu vya kujengewa na kunyang'anywa.)

Mleta mada:

Shikamoo mzee wa Lindi. Hoja ya mafao naichukua kama ilivyo.

Ndugu wa Chikongola, maumivu ya 2013 ni yetu sote. Ila hoja yako inaipinga Dodoma kuliko Arusha. Tukibaki bila shirikisho, gesi bado inaamuliwa na walewale. Kwenye shirikisho angalau kuna mlango wa pili wa kugonga.

Mkulima, wewe ndiye umenibana. Hofu yako ina mfano wa karibu: Muungano wetu na Zanzibar ulianza 1964 na mambo 11 ya Muungano, leo ni 22. Orodha huwa inanenepa. Kwa hiyo kamati ya katiba ya shirikisho, ambayo imeshakusanya maoni Burundi, Uganda na Kenya, ikifika huku napeleka matatu: orodha ya mambo ya pamoja isiongezwe bila kura ya wananchi, masoko ya mazao yabaki kwa nchi, na Msumbiji ialikwe rasmi kuanzia kwenye ulinzi wa mpaka, hata kama haitajiunga na mengine.

Mkulima wa korosho, Tandahimba:

La pili liandikwe kwanza, kwa herufi kubwa. Halafu ndiyo tuongee.