Ukulele ya konseti: freti ya 12 inapiga juu na daraja linaachia, nianzie wapi?

MbaoLaini
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaochonga ala za nyuzi nyumbani. Ukulele (gitaa dogo la nyuzi nne) ni saizi ya konseti: kifupa cha shingoni (kipande chembamba kinachobeba nyuzi) hadi freti ya 12 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo) ni mm 190, na kutoka hapo hadi kifupa cha darajani ni 190 kamili. Uso ni mkangazi wa mm 2, daraja (kibao kinachoshika nyuzi usoni) ni mpingo, gundi ni ile nyeupe ya seremala. Nyuzi zikiwa wazi (G, C, E, A) zinasoma sawa kwenye tuna (kifaa cha kupimia sauti). Nikibana freti ya 12 zote zinapanda kama senti 15 (senti 100 ni nusu toni moja). Hapo nyuzi zimekaa mm 4 juu ya freti. Sasa ukingo wa nyuma wa daraja umeanza kuachia, karatasi inapenya chini yake. Nishushe kifupa tu, au nibandue daraja zima?

FundiNyuzi
Bandua, mkuu. Matatizo mawili, dawa moja. 190 kwa 190 ni hesabu ya karatasini. Uzi ukibanwa unavutika, sauti inapanda. Kwa urefu wa 380, kila mm unayorudisha kifupa nyuma inashusha freti ya 12 kwa senti 4 na nusu hivi. Rudisha daraja mm 2, senti 9 zimeondoka. Zinazobaki tafuta kwenye huo urefu wa mm 4: lenga 2.7. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ili kushusha 1.3 pale, kifupa kipungue 2.6. Kikibaki kimechomoza kidogo mno, usiendelee kukisugua. Punguza daraja lenyewe kwa randa likiwa bado mkononi.

PimaKwanza
Na kifupa cha shingoni usikisahau. Bana freti ya 3, tazama mwanya kati ya uzi na freti ya 1: ipite karatasi tu. Ukizidi hapo, freti za mwanzo zitapiga juu hata daraja likikaa sawa.

KaziYaMkono
Kubandua: kisu chembamba butu, kipashe kwenye maji yanayochemka, ukifute, penyeza palipoachia, songa taratibu. Usikinyanyue kama unafungua kopo la rangi, utang'oa uso. Kisha kwangua vanishi yote pale daraja litakapokaa, hadi mbao tupu. Laza msasa namba 120 juu ya uso, sugua daraja hapo hapo mpaka chini yake pafuate mwinuko wa uso. Daraja tambarare juu ya uso wenye mwinuko huachia pembeni. Mpingo una mafuta: futa kwa asetoni, paka gundi mara tu ikikauka. Klempu (vibano) zikae saa 24, na ndani uweke kibao chenye mitaro ya kupisha vipande vinavyoimarisha uso.

Jiriwa
Mimi ningetumia epoksi, gundi ile ya kuchanganya sehemu mbili.

KaziYaMkono
Inashika, sikatai. Ila siku ya ukarabati itadai joto kali, na uso wa mm 2 hauvumilii. Gundi nyeupe nayo hulainika ala ikiachwa kwenye gari juani, daraja likatambaa mbele. Chukua ya njano ya mbao.

MbaoLaini
Nashukuru sana wakuu. Lisiteleze nikikaza klempu, nafanyaje?

FundiNyuzi
Lipange kwanza bila gundi, uzi wa G na wa A viwe umbali sawa na kingo za shingo. Toboa vitundu viwili vya mm 1.5 ndani ya mtaro wa kifupa, vipenye hadi usoni, chomeka vijiti vya meno. Kifupa kikirudi kitavifunika. Ule ukanda wa mm 2 utakaobaki wazi mbele ya daraja, paka vanishi kwa brashi ndogo.