Wanafunga supermaketi mitaa ya walalahoi, halafu wanazuia mwingine asifungue!

Wakuu, leo sitazunguka, nina hasira.

Kila supermaketi inapofungwa mtaa wa walalahoi tunapewa wimbo ule ule: duka halilipi. Haya, biashara ni hesabu, hakuna anayelazimishwa kula hasara. Lakini hata kuondoka kuna adabu yake. Aprili 2023 Walmart, kampuni kubwa ya supermaketi ya Marekani, ilitangaza kufunga maduka 4 kati ya 8 iliyokuwa nayo Chicago, ikisema yanapoteza mamilioni ya dola kila mwaka. Tangazo lilitoka tarehe 11, mwisho wa kuuza ukawa tarehe 16. Siku tano! Mpangaji wa chumba kimoja hupewa notisi ndefu kuliko hiyo.

Kinachonichemsha damu hasa ni wanachofanya baada ya kufunga, na wengi hawakijui. Kuna kampuni za supermaketi zikiuza jengo au kiwanja zinaweka sharti kwenye hati: mnunuzi haruhusiwi kufungua duka la chakula hapo, mara nyingine kwa miaka mingi. Aweke ghala, aweke ukumbi wa mazoezi, aache popo wazaliane, ni sawa tu. Chakula ndiyo marufuku. Yaani wewe umegoma kutuuzia, na unaweka kufuli ili mwingine naye asituuzie! Kama kweli mtaa wetu hauna wateja, unamwogopa nani? Anayewatetea anijibu hilo kwanza.

Na hizi si stori za kijiweni. Uingereza ilipiga marufuku masharti ya aina hiyo kwa supermaketi kubwa tangu 2010. Mwaka 2020 mamlaka ya huko inayosimamia ushindani wa biashara ikaeleza kuwa Tesco, moja ya supermaketi hizo kubwa, ilikuwa imekiuka amri hiyo mara 23. Mara 23, wakuu, na sheria ipo! Washington, D.C. nao walitunga sheria yao ya kuzuia mchezo huu mwaka 2018. Huwezi kutungia sheria kitu ambacho hakipo.

Anayeumia ni mama mwenye magoti mabovu, anayepanda basi kwenda na kurudi kwa ajili ya mfuko mmoja, maana miwili hawezi kuibeba. Nauli inakula hela ya chakula. Asipokwenda, ananunua duka la kona kwa bei ya juu, na tafadhali msimtukane mwenye duka hilo. Yeye ananunua katoni mbili kwa jumla, hapati bei ya anayenunua lori zima.

Ombi langu: kama mtaani kwenu kuna supermaketi iliyofungwa na jengo limekaa tupu, nendeni ofisi ya ardhi mkaulize hati yake ina masharti gani. Mkikuta sharti la kuzuia duka la chakula, lileteni hapa, kisha mpelekeeni diwani wenu mkononi, aseme mbele ya watu atalifanyia nini.