Tupeane uzoefu: bando la bila kikomo au GB za kuhesabu, wewe umeishi na lipi?

Mpangaji Mpya

Wakuu, salaam. Mwezi ujao nahamia Kigamboni ndani ndani huko, mtaa ambao nguzo za umeme zipo lakini fiba bado. Intaneti yangu yote itatoka kwenye simu: kazi za kutafsiri nyaraka mchana, jioni watoto na katuni zao. Sasa hivi nakata bando la buku mbili kila siku, maana yake elfu 60 kwa mwezi inakwenda kimyakimya. Kwa hela hiyo nikiongeza kidogo napata la mwezi lililoandikwa "bila kikomo".

Sitaki tangazo, nataka aliyeishi nalo. Na tafadhali majina ya kampuni tuyaache, maana mada itageuka Simba na Yanga.

Dereva Bajaji

GB za kuhesabu, kiongozi. App ya abiria na ramani hazili kitu. Kinachokula ni video za kwenye foleni ya Buguruni, na hiyo ni tabia yangu, bando halina kosa. Nimezima video kujicheza zenyewe na app kujisasisha bila WiFi, la wiki linafika Jumapili.

Fundi Minara Mstaafu

Mpangaji, ngoja nikae chini nikujibu.

Nimetumia la bila kikomo la mwezi kwa muda mrefu. Neno "bila kikomo" maana yake hawatakukata, basi. Hawajasema hawatakupunguzia mwendo. Kwenye masharti tafuta mstari wa "matumizi ya haki": utakuta GB kadhaa unapewa kwa kasi kamili, ukizivuka kasi inashushwa mpaka tarehe ya kujiunga upya. Langu lilikuwa linashuka katikati ya mwezi. Meseji za WhatsApp zinakwenda, voice note inakwenda kwa kusuasua, picha inabaki ukungu na kile kiduara kinazunguka katikati. Video usiongelee.

Kwa hiyo ukipiga huduma kwa wateja usiulize "ni GB ngapi?" Uliza "zikiisha nabaki na kasi gani?" Jibu linakuja kwa kilobiti, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Ukiambiwa 128 kwa sekunde, gawa kwa 8 (biti nane ni baiti moja), unapata kilobaiti 16. Picha moja ya MB 3 itakuchukua dakika tatu na ushee. Ukiambiwa 512, hiyo ni kama MB 230 kwa saa: barua pepe na nyaraka zako utafanya, simu ya sauti utapiga, katuni zitakwama.

Na kwa nini wanafanya hivyo? Mnara una uwezo wake, na mnaugawana wote mlio chini yake. Mmoja akipakua filamu usiku kucha, jirani anaumia. Fiba kila nyumba ina waya wake mpaka mlangoni, ndiyo maana huko bila kikomo inakaribia ukweli.

Mtoto wa Zenji

Umesahau hotispoti, mzee. Kuna vifurushi vya bila kikomo vinavyoruhusu simu yenyewe tu, ukiunganisha laptop hesabu inakuwa nyingine. Mtu wa kutafsiri aulize hilo kwanza.

Mama Saluni, Moro

Mimi ni upande wa kuhesabu na sihami. Wateja wakikaa kwenye drai, la kwanza ni "dada, password?" Nikiwa na la bila kikomo ningewapa wote, na ikifika jioni mimi mwenyewe siwezi kupokea oda. Sasa hivi simu ya kazini nimeiwekea kikomo kwenye mipangilio, ikifika kiwango cha siku data inajifunga. Mteja akilalamika namwonyesha kioo cha simu, ugomvi umeisha.

Tena siku hizi walau tunajua kinachoendelea. Kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za 2021 ndizo zilizotaka mteja aambiwe akifika asilimia 75 na asilimia 100 ya bando lake, na aweze kumgawia mtu mwingine. Nakumbuka vizuri kwa sababu ya lile sokomoko la tarehe 2 Aprili, bei mpya zilipoanza asubuhi, watu wakapiga kelele, serikali ikazisitisha. Meseji ya asilimia 75 ikiingia natazama saa. Kama ni saa sita mchana, WiFi ya wateja naizima.

Mkenya wa Likoni

Huku kwetu mjadala una mguu wa tatu. Tangu Oktoba 2019 Safaricom walipoleta bando zisizo na tarehe ya kuisha, mtu anaweza kununua akaweka. Bei ya kila MB iko juu kuliko ile ya siku moja, lakini kwangu mimi mvuvi inafaa: nikiwa baharini hakuna kitu kinachooza. Ile ya saa ishirini na nne ikinikuta majini nimeitupa.

Mpangaji, tazama kama unapoteza MB zinazokufa saa sita usiku. Hilo ndilo linalokula wengi kuliko bei yenyewe.

Bongo Ughaibuni (Ohio)

Msidhani ni ujanja wa Afrika. Hapa Marekani kampuni ya simu AT&T waliuza mipango ya bila kikomo, kisha kuanzia 2011 wakawa wanawapunguzia kasi wanaotumia sana, wengine wakiwa wamefika GB 2 tu kwa mwezi. Tume ya FTC, inayolinda walaji, ikawashtaki 2014, na 2019 wakakubali kulipa dola milioni 60. Kosa lilikuwa kutowaeleza wateja waziwazi. Kupunguza kasi kwenyewe kunaendelea, ila sasa kumeandikwa kwa maandishi madogo.

Dogo wa UDOM

Bando la usiku, wakuu. Napakua lekcha zote alfajiri, mchana naishi kwa MB za meseji. Katuni za watoto nazo zinapakulika.

Mpangaji Mpya

Nimewasoma wote. La katuni sikuwahi kulifikiria, asante dogo.

Nimempigia mama mwenye nyumba wa kule, nikamwomba kijana wake afungue fast.com, ile tovuti ya kupima kasi, sebuleni saa 2 usiku, laini ileile ninayotaka kununua. Amesoma megabiti 1.6 kwa sekunde. Asubuhi saa 4 ikapanda hadi 9.

Fundi Minara Mstaafu

1.6! Hiyo ni MB 720 kwa saa, tena ikitulia. Wewe jioni hata ukitaka kuvuka kikomo mnara wenyewe hautakuruhusu. Usilipie bila kikomo hapo. Nunua GB za mwezi, za kazi uzitumie asubuhi, katuni pakua alfajiri. Na kabla hujabeba godoro, mwambie kijana apime tena kwa laini ya kampuni nyingine, akiwa chumba chako, siyo sebuleni.

Mpangaji Mpya

Chumba changu kina bati jipya na dirisha moja, mzee. Naogopa hata kumwambia.