Gari jipya dogo au la Japani lililotumika? Naomba ushauri kabla ya mwisho wa mwezi

MwalimuWaRuai
Habari zenu, wanajukwaa. Baada ya miaka mingi ya kupanda matatu, sacco yetu imeniidhinishia mkopo, nami ninakusudia kununua gari langu la kwanza kabla ya mwezi huu kwisha. Nimeketi ndani ya Suzuki S-Presso mpya kwa wakala, nikaipenda. Kisha nikapita kwenye yadi za Barabara ya Ngong, nikaona Toyota Vitz na Mazda Demio zilizoagizwa kutoka Japani, nazo pia zikanipendeza. Mke wangu anataka jipya. Shemeji yangu anasema kwamba kununua gari jipya nchini Kenya ni kumwaga pesa. Ninyi mngechagua lipi?

Mhasibu Mstaafu
Mwalimu, swali lako halijibiki lilivyo. Una shilingi ngapi, na je, ndani yake umehesabu bima? Utatoka Ruai kwenda wapi kila siku, na kwa barabara ipi? Watoto ni wangapi? Unaendesha gia za mkono au otomatiki pekee? Mkopo utaulipa kwa muda gani? Tupe hayo kwanza, la sivyo kila mmoja hapa atakuuzia gari analolipenda yeye.

Fundi wa Kirinyaga Road
Mimi sihitaji kujua idadi ya watoto. Nunua Vitz. Injini yake ya cc 996 tunaijua ndani na nje, na vipuri vyake, vipya na vilivyotolewa kwenye magari mengine, vimejaa mjini, kiasi kwamba hata fundi aliyeanza kazi juzi hawezi kukwama nayo. Demio nayo ni nzuri ikiwa ni ya petroli. Ukionyeshwa ya dizeli ya cc 1500, iache papo hapo, kwa sababu chujio la masizi kwenye ekzosi yake huhitaji safari ndefu za mwendo wa kasi ili lijichome na kujisafisha, na mtu anayetambaa kwenye foleni ya Outer Ring kila asubuhi hawezi kulipatia chujio hilo nafasi hiyo.

MwalimuWaRuai
Asante, mzee wangu Mhasibu. Bajeti ni milioni 1.8. Watoto ni watatu, na mkubwa tayari amenipita kwa urefu. Ninafundisha South B, kwa hiyo nitapitia Kangundo Road na Outer Ring, na kipande cha mwisho cha kufika nyumbani hakina lami. Ninaendesha gia za mkono. Mke wangu ndiyo kwanza anajifunza.

Mhasibu Mstaafu
Ya bima na muda wa mkopo umeyaruka, lakini tuendelee. Watu hushangaa kwa nini gari linalouzwa kwa bei ya chini India huwa ghali likifika Nairobi. Chukua gari lenye thamani ya forodha ya shilingi 500,000 na injini isiyozidi cc 1500. Ongeza ushuru wa forodha wa asilimia 35, unafika 675,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 juu ya hizo unakufikisha 810,000, na VAT ya asilimia 16 inakufikisha 939,600, kabla ya ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Lililotumika hupitia ngazi zizo hizo, ila KRA, mamlaka yetu ya mapato, huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo, kisha huipunguza kulingana na umri. Jipya halipati punguzo hilo. Unalipa kodi yote ya kitu ambacho thamani yake itaanza kushuka siku kitakapopata nambari za usajili.

Mpenzi wa Polo
Ndiyo maana ninashangaa hakuna aliyetaja magari yanayounganishwa hapa nchini, ambayo vipande vyake haviingii na mzigo huo wa ushuru. Volkswagen Polo Vivo ilianza kuunganishwa Thika mwezi wa Desemba 2016. Tafuta moja iliyokuwa ya kampuni, iliyofanyiwa sevisi kwa wakati. Ni gari zito, linaloshika barabara, na mlango wake ukiufunga unasikia umefungika.

Fundi wa Kirinyaga Road
Unasikia umefungika, halafu unasikia bei ya vipuri.

Shiro wa South C
Mwalimu, mimi nimeyapitia ya gari jipya, hivyo niruhusuni niyaeleze kwa urefu. Nilinunua gari dogo jipya kabisa kwa wakala ambaye sitamtaja. Mwanzoni nilifurahi sana: viti bado vilikuwa na nailoni, dhamana ilikuwa ya miaka kadhaa, na petroli niliyoweka Jumatatu ilikuwa ikinifikisha wikendi. Kisha siku moja kwenye foleni ya Jogoo Road mwendesha boda boda akapenya upande wangu wa kushoto, akaondoka na kioo cha pembeni. Ajali ndogo, hata sikukasirika. Nikampigia wakala, nikaambiwa kwamba kioo hicho hakimo ghalani na kitaagizwa kutoka nje. Nikasubiri. Nikapiga simu tena, nikaambiwa oda imekwenda. Nikaenda mwenyewe Kirinyaga Road nikiwa nimebeba mabaki ya kioo kwenye mfuko, na wauzaji wakawa wanakigeuza mikononi na kuniuliza ni cha gari gani. Mmoja alinitolea kinachofanana nacho, tukakijaribu pale pale kando ya barabara, lakini matundu ya skrubu hayakulingana. Basi nikafunga kile cha zamani kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na gari langu jipya likawa linazunguka mjini na bandeji. Askari wa trafiki alinisimamisha Mombasa Road, akaugusa ule utepe kwa kidole kimoja, akaniuliza kama gari ni langu.

Hayo yalipokwisha, kiyoyozi kikaanza kutoa hewa ya moto. Wakala akasema kwamba ni jiwe lililopiga rejeta yake ndogo ya mbele, kwa hiyo si kasoro ya kiwandani na dhamana haihusiki. Sikuweza kumpelekea fundi wa mtaani, kwa kuwa niliogopa kwamba akilifungua tu, dhamana yote itakufa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimenunua gari pamoja na karakana moja, na karakana hiyo inajua sina pa kwenda. Nilipotaka kuliuza, swali la kwanza la dalali lilikuwa kwa nini sikununua Toyota. Nitasema ukweli mmoja kwa upande wa pili: injini haikuwahi kunisumbua hata asubuhi moja.

Baba Pacha
Pole sana, dada Shiro. Lakini ungetaja jina la wakala ungetusaidia sote. Tunasoma hapa ili tusiumie.

Shiro wa South C
Sitamtaja, Baba Pacha. Nilichokieleza kinatosha mtu yeyote kwenda kwa wakala wake na kuuliza, kabla ya kulipa, kama bampa, taa ya mbele na kioo cha pembeni viko ghalani leo hii.

Baba Pacha
Sawa, ingawa sijaridhika. Hata hivyo, msimfanye Mwalimu aamini kwamba gari la Japani ni salama kwa kuwa tu lina jina. Sheria inataka lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, nalo hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, lakini ukaguzi huo haukwambii liliishije. Mwombe mwenye yadi karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari iliyoandikwa liliponadiwa Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa. Ukiona R au RA, limewahi kugongwa likatengenezwa. Kisha linganisha kilomita zilizo kwenye karatasi na zilizo kwenye odometa. Yadi nyingi zitakuonyesha gari lililooshwa vizuri, na ukiitaja karatasi utaona wanaanza kupiga simu.

Daktari wa Kahawa
Mnazungumza vipuri na kodi, ilhali Mwalimu atabeba watoto watatu. Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, iliijaribu S-Presso ya soko la India mnamo Novemba 2020, haikupata hata nyota moja ya usalama kwa watu wazima. Mwaka 2022 toleo la Afrika Kusini lilipata nyota tatu. Ni jina lilo hilo, lakini si gari moja, kwa hiyo usikubali jibu la jumla kutoka kwa mwuzaji. Muulize toleo lililo mbele yako lina mifuko mingapi ya hewa, na ukakague mwenyewe kama abiria wa katikati nyuma ana mkanda wa kupita begani au wa kiunoni tu. Ninafanya kazi katika wodi ya majeruhi. Mkanda huo wa katikati watu huufikiria mwisho kabisa.

Fundi wa Kirinyaga Road
Daktari, kwa heshima, lori likikupanda Kangundo Road nyota tatu na nyota sifuri ni mamoja. Na hizo Vitz zenye kamera kwenye kioo cha mbele, ya kufunga breki zenyewe, ndizo zinazotuletea kazi: kioo cha mbele kikivunjika, mtu anabandika cha bei rahisi, kamera hairekebishwi, taa ya onyo inawaka mwaka mzima.

Daktari wa Kahawa
Ajali nyingi ninazoziona si za lori kupanda gari. Ni za kugonga matuta yasiyo na alama usiku, nguzo, na gari jingine dogo. Hapo nyota zina maana.

Mhasibu Mstaafu
Kuna jambo jingine. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na pendekezo la kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua 5,000 na isiyozidi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa, na Muswada wenyewe ukafuata baada ya maandamano. Lingepita, gari la milioni 1.8 lingedaiwa 45,000 kwa mwaka. Sisemi litarudi, ila bima kamili nayo hukadiriwa kwa asilimia ya thamani. Gari la bei ya juu hukutoza hata likiwa limeegeshwa.

Shiro wa South C
Na asisahau redio! Ya Japani huanzia 76 na nyingi huishia 90 au 95, wakati stesheni zetu zinafika 108. Atafungiwa kifaa cha kubadilisha masafa, kisha atakuwa akisoma nambari moja huku akisikiliza nyingine.

Fundi wa Kirinyaga Road
Hicho ninakifunga mimi akisubiri.

MwalimuWaRuai
Nawashukuru nyote. Jana nilirudi kwa wakala pamoja na watoto. Kwa urefu wa kutoka chini S-Presso imenifaa, maana milimita 180 zinatosha barabara yetu, lakini watoto watatu walipokaa nyuma, yule wa katikati alilazimika kuketi upande. Jambo jingine ni kwamba sacco imenifafanulia kuwa logbuku, hati ya umiliki wa gari, itaandikwa majina yetu wawili, mimi na sacco, hadi nimalize deni, na kwamba lazima nichukue bima kamili, ambayo inatoka ndani ya ile milioni 1.8.

Mhasibu Mstaafu
Hilo ndilo nililokuuliza tangu mwanzo, Mwalimu. Basi huna milioni 1.8 ya gari. Toa bima, toa gharama za usajili, weka kando pesa ya magurudumu na sevisi ya kwanza, ndipo uje na hesabu mpya. Tena waulize sacco kama wana kikomo cha umri wa gari wanalolikopeshea.

MwalimuWaRuai
Nitawauliza Jumatatu. Demio imeshauzwa. Vitz bado ipo, na mwenye yadi anasema karatasi ya mnada iko kwa mshirika wake Mombasa.

Baba Pacha
Mombasa tena? Mwambie akutumie picha yake leo kwa WhatsApp. Ni karatasi moja.

Fundi wa Kirinyaga Road
Usilipe hata amana kabla sijaitazama. Nipitie Jumamosi asubuhi, nije nayo mashine ya kusomea hitilafu.

Mpenzi wa Polo
Na bado hakuna aliyempeleka kuiona Polo Vivo.