Tupeane uzoefu: Ajira ya kwanza inakutesa na mkataba haujaisha, ulitokaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Vijana wanatoka chuo wakiwa na njaa ya ajira, wanawekewa karatasi mezani, wanasaini. Baada ya miezi michache mtu hali, halali, na akigusia kuondoka anajibiwa: "Una mkataba wa miaka miwili, ukitoka tunakushtaki." Naomba kila aliyepita huko aeleze alitokaje, ili aliye ndani sasa hivi apate pa kushika.

Naanza mimi. Nilianza kazi kama afisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha, Mwanza. Mshahara ulioandikwa ni 450,000. Asubuhi vikao vya vikundi Igoma na Buhongwa, mchana kufuatilia marejesho, jioni kikao ofisini ambapo mwenye mikopo iliyochelewa anasimamishwa mbele ya wenzake na kutukanwa. Mwanakikundi akihama au akizima simu, rejesho lake linakatwa kwako. Huandikiwi barua wala huonyeshwi hesabu, unaona tu pesa pungufu. Na kilichoniumiza kuliko makato ni kutumwa kubeba magodoro na majiko ya akina mama huku watoto wao wananitazama.

Mzee mmoja mstaafu wa ofisi ya kazi, tunasali naye, aliniomba mkataba akausoma wote. Akanionyesha kwamba kifungu cha kuvunja mkataba kinaruhusu upande wowote kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Yale ya kushtakiwa yalikuwa maneno ya meneja, hayamo kwenye karatasi. Halafu akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri akitaka kukukata kwa ajili ya hasara, hasara hiyo iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akuandikie sababu na hesabu, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasivuke robo ya mshahara. Kwa mshahara wangu robo ni 112,500. Kuna mwezi nilipokea chini ya nusu!

Nikaandika notisi nakala mbili. Mapokezi walikataa kuigonga muhuri, nikaituma pia kwa barua pepe ya ofisi, kesho yake wakaipokea. Mwezi ule wa notisi nilikabidhi kila kitu kwa maandishi: pikipiki, stakabadhi, madaftari ya vikundi, orodha ya wateja na salio la kila mmoja, aliyepokea akasaini. Walipokuja kudai nimeondoka na fedha za marejesho, niliwatolea karatasi hiyo na madai yakafa hapo hapo.

Mwalimu wa Fizikia

Asante kwa uzi huu, mkuu. Mimi walinishika kwa vyeti.

Shule binafsi ya bweni, Kanda ya Ziwa. Siku ya kuripoti waliomba vyeti halisi "kwa uhakiki": kidato cha nne, cha sita na stashahada ya ualimu. Vikaingia kabatini kwa mkurugenzi, havikutoka tena. Walimu wote tulikuwa hivyo. Mshahara ukichelewa miezi miwili unanyamaza, maana hata ukiitwa kwenye usaili kwingine utaenda na nini? Nilikuwa nafundisha Fizikia na Hisabati madarasa yote, zamu ya bweni, preparesheni ya usiku, na Jumapili nasimamia usafi. Mwenzangu aliugua, akakatwa siku alizolala hospitali.

Nilipoandika barua ya kuacha kazi, mkurugenzi aliniambia vyeti nitavipata mkataba ukiisha. Nilikwenda kwa afisa kazi wa mkoa na vitu vitatu: nakala ya mkataba, barua yangu yenye muhuri wa shule, na ujumbe wa simu ambao mkurugenzi mwenyewe aliandika kwamba vyeti anavyo. Ule ujumbe ndio uliobeba kila kitu. Afisa hakunipa maneno mengi, aliandika barua akaisaini, akampigia simu mbele yangu. Vyeti nilivirudishiwa ndani ya wiki hiyo. Mshahara wa miezi miwili ulichukua muda mrefu zaidi, na ulilipwa kwa vipande.

Nawaomba walimu wenzangu mnaoanza: peleka vyeti halisi vikaonekane, kisha acha nakala zilizogongwa muhuri na wakili. Mwajiri anayekataa nakala hizo ameshakuonyesha atakavyokutendea.

Kaka Mkubwa

Nawasikiliza, ila nami niseme langu. Mtaani hakuna kazi. Mimi nilivumilia ya kwanza mwaka mzima ndipo nikapata nyingine. Kijana asitoke kwa hasira akarudi kumtegemea mama.

Mwanzisha uzi

Kaka, nakuheshimu, na hoja ya kuwa na akiba kabla ya kutoka naikubali kabisa. Ila uvumilivu una mahali unapokwisha. Ukishaanza kutapika asubuhi ukikumbuka kikao cha jioni, mwili umeshajibu. Tusimwambie mtoto wa mtu avumilie tu bila kumuuliza anavumilia nini.

Afisa Utumishi, Dar

Nipo upande wa waajiri, nashughulika na mikataba kila siku. Naomba niweke jambo moja sawa, maana linawaponza watu.

Si kila mkataba unatoka kwa notisi. Kama ni wa muda usio na kikomo na unalipwa kwa mwezi, kifungu cha 41 cha sheria ile ya 2004 kinadai notisi isiyopungua siku 28, au siku 7 kama bado uko ndani ya mwezi wa kwanza. Ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi hicho kwenye stahiki zako. Hiyo ni rahisi.

Mkataba wa muda maalum ni habari nyingine. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinasema mfanyakazi anauvunja kabla ya muda pale mwajiri anapouvunja kwa kiwango kikubwa, au wakikubaliana. Kwa hiyo kwanza tafuta kama mkataba wako una kifungu cha notisi, kama alivyokuwa nacho mwanzisha uzi. Kama hakuna, omba makubaliano kwa barua ya heshima, na ueleze mapungufu yao kwa tarehe: mshahara haukulipwa mwezi fulani, michango ya NSSF haikupelekwa. Waajiri wengi wakiona tarehe wanakubali kuachana kwa amani.

Na ukitoka unadai: mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na hati ya utumishi. Hati hiyo ni wajibu wao chini ya kifungu cha 44, hata kama wamekasirika.

Dada wa Moro

Mimi bosi alinitaka kimapenzi. Nilipokataa nilihamishiwa stoo, nikaondolewa kwenye zamu zenye posho. Nililalamika kwa maandishi kwa msimamizi wake, hakuna aliyejibu. Nikaacha kazi na kwenye barua nikaandika sababu wazi.

Wadogo zangu, msiandike "kwa sababu binafsi" kama sababu si binafsi. Kulazimishwa kujiuzulu kunatambuliwa kwenye kanuni hizo alizotaja afisa, na unyanyasaji wa kingono umetajwa humo kwa jina. Nilipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa inabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kwa nini. Tulimalizana kwenye usuluhishi. Hela haikuwa nyingi, ila aliambiwa mbele yangu kwamba alichofanya ni kosa, na mimi nililihitaji hilo.

Mpwani, Mombasa

Kwetu Kenya ukiwa bado kipindi cha majaribio unatoka kwa notisi ya siku 7, Sheria ya Ajira ya 2007. Mimi nilikuwa hotelini, tunaambiwa tufanye zamu mbili mfululizo msimu wa wageni. Niliondoka ndani ya majaribio, nikaomba cheti cha utumishi, nikapewa. Poleni nyote mliopitia makubwa.

Mgeni Hapa

Naomba msaada. Kampuni ilinipeleka mafunzo, nikasaini kwamba nikitoka kabla ya miaka miwili nirudishe gharama. Meneja ananitukana kila siku. Gharama wanayotaja sasa ni kubwa kuliko iliyoandikwa.

Afisa Utumishi, Dar

Dada au kaka, pole sana. Deni lako ni lile uliloliweka saini, si lile wanalotaja sasa. Waandikie wakupe mchanganuo na risiti za mafunzo. Angalia kama makubaliano yanasema deni linapungua kadiri unavyofanya kazi. Kama umeshamaliza mwaka, omba lihesabiwe nusu, na upendekeze kulipa kwa awamu. Yawe yote kwenye barua pepe, hata mkiongea ana kwa ana mwandikie baadaye kuthibitisha mlichosema. Ukipata mwajiri mpya, mweleze kabla hujasaini kwake. Nimeshaona kampuni zikimlipia mtu deni la namna hii zinapomhitaji. Matusi nayo yaandike: tarehe, maneno, nani alikuwepo. Usitie saini karatasi yoyote mpya watakayokuletea wiki hii kabla mtu mwingine hajaisoma.