Bagamoyo si kituo cha kupiga picha na kugeuza gari: acheni kuwashauri watu waiunganishe na Dar kwa siku moja

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninaandika nikiwa na hasira ambayo wiki nzima imekataa kupoa, na sehemu ya hasira hiyo inawahusu baadhi yenu. Kila mara mtu anapouliza iwapo mwisho wa wiki wake autumie Dar es Salaam au Bagamoyo, majibu huwa ni yale yale: lala Dar, Bagamoyo hakuna kitu, ni magofu tu, saa mbili zinakutosha. Nilisoma majibu hayo, nikayaamini, na aliyeumia ni baba yangu.

Baba alifundisha historia katika shule za msingi kwa miaka 31, na miaka mingi kati ya hiyo aliitumikia Mpwapwa, mahali ambapo misafara ya karne ya kumi na tisa ilipumzika ikitoka Ujiji na Tabora kuelekea pwani. Mwisho wa njia ile ni Bagamoyo. Aliichora ubaoni mwaka baada ya mwaka, akawaeleza watoto habari za pembe za ndovu, za wapagazi na za watu waliofikishwa pale wakiwa na minyororo shingoni, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Sasa ana miaka 74 na anatembelea mkongojo. Reli mpya ilipotufikia Dodoma mwaka 2024, na safari ya Dar ikawa ya saa chache tu, alisema jambo moja: nipelekeni Bagamoyo.

Wadogo zangu walitaka Dar, na siwalaumu, kwa sababu wana watoto wanaotaka bahari, vivuko na maghorofa. Mimi ndiye kifungua mimba, hivyo mzigo wa kupanga ulikuwa wangu. Mpango wa kwanza ulikuwa kufika Dar Ijumaa usiku, kwenda Bagamoyo Jumamosi asubuhi, kulala huko, kisha kurudi Jumapili mchana kuwahi treni ya jioni. Ndipo nikampata mtu wa kukodisha gari, ambaye simtaji jina, akaniambia, "Dada yangu, Bagamoyo hapalaliwi. Nitawapitisha mjini kidogo, saa nne mko Bagamoyo, mtakaa mpaka saa kumi na mbili jioni, usiku mnalala Dar kwa raha zenu." Maneno yake yalifanana mno na niliyokuwa nimeyasoma humu, nikakubali. Nililipa shilingi 65,000 kwa kila kichwa, tukiwa watu saba, yaani shilingi 455,000, na saa zote hizo nilizotaja ameziandika mwenyewe katika ujumbe ambao bado ninao kwenye simu.

Gari lililopaswa kufika saa moja asubuhi lilifika saa tatu na nusu. Ndani mlikuwa na abiria wengine wanne ambao hatukuambiwa habari zao, na kwa ajili yao tukazungushwa Kariakoo, kisha tukaegeshwa kwenye duka kubwa kwa muda wa karibu saa mbili, huku Baba ameketi kwenye kiti cha mbele, mkongojo katikati ya magoti, akiuliza kwa upole, "Mwanangu, huku ndiko Bagamoyo?" Tulipoingia Barabara ya Bagamoyo foleni ilikuwa imejaa hadi Tegeta. Tulifika Kaole, penye magofu ya kale ya Bagamoyo, saa tisa na dakika ishirini, na dereva akatangaza kuwa saa kumi na moja kamili anageuza.

Wanaosema hakuna kitu wangemwona Baba pale Kaole. Magofu yale ni ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na msikiti ulio mkongwe zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya kumi na tatu, karne nyingi kabla Mjerumani hajakanyaga pwani yetu. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu, na vyombo vya kauri kutoka China vilivyokutwa hapo vinaonyesha biashara ya watu wa mahali hapo ilivuka bahari hadi wapi. Baba alivua kofia, akaweka kiganja ukutani, akamuuliza kijana anayeongoza wageni chokaa ilipatikanaje. Kijana akamweleza namna matumbawe yalivyopangwa juu ya kuni na kuchomwa mpaka yakawa unga mweupe. Baba alikuwa anataka kuuliza la pili, honi ikapigwa. Ikapigwa tena. Nilikwenda kumwomba dereva robo saa tu, akanijibu kwamba mzee keshaona mawe yenyewe, yanatosha.

Misheni hatukushuka. Naomba jambo hili lieleweke kwa uzito wake. Misheni ile ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kwa miezi kadhaa kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili ulikwenda kuzikwa London, na dunia ikamkumbuka aliyebebwa. Baba alikuwa akiwafundisha watoto majina ya waliobeba. Somo hilo ndilo alilolipenda kuliko yote, na mnara wa kanisa la zamani aliuona kupitia dirisha la gari linalotembea.

Mji Mkongwe nao tuliupita hivyo hivyo: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, milango ya nakshi ya Mtaa wa India, ufuko ambako mashua huingia na samaki wakanadiwa. Mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, sisi tuliutazama kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai.

Siichukii Dar. Makumbusho ya Taifa peke yake, yenye fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, yanastahili asubuhi nzima, na mtu akiongeza Kijiji cha Makumbusho, Kigamboni na samaki wa Feri, siku mbili zimekwisha. Lakini hiyo ndiyo sababu haifai kuichanganya na mji mwingine. Jiji hula saa za mtu barabarani, na anayeondoka kwake asubuhi amechelewa ataulipia ucheleweshaji huo mara mbili kwa foleni. Bagamoyo inahitaji kinyume chake. Inataka mtu alale, aamke na adhana, aende Kaole kabla jua halijawa kali, apumzike mchana, kisha atembee mjini taratibu jua likishuka. Mwenye siku mbili achague mahali pamoja. Anayemwambia mgeni kwamba ataviona vyote viwili kwa siku moja anamnyima vyote viwili, na akichukua fedha kwa ahadi hiyo huku amejaza gari abiria wengine, huo kwangu ni udanganyifu.

Nimemwandikia mwenye gari nikitaka nusu ya fedha, yaani shilingi 227,500. Alijibu mara moja tu kwamba safari ilifanyika na picha tulipiga, na tangu hapo hapokei simu. Sitaacha kumdai. Kwenu ninyi wenye mazoea ya kujibu "hakuna kitu", nawaomba kwanza mseme mlikaa Bagamoyo saa ngapi na mlishuka wapi, ili anayesoma ajue ushauri wenu unatoka katika kuona au katika kupita.

Naomba pia msaada kwa wenyeji. Baba amesema atarudi Julai, na safari hii tutakwenda mimi na yeye tu, tutapanda basi la kawaida na kulala usiku mbili. Nahitaji nyumba ya wageni iliyo karibu na Mji Mkongwe, yenye chumba cha chini kisicho na ngazi, na dereva wa bajaji mwenye subira atakayemfikisha Misheni na kumngoja mpaka maswali yake yatakapokwisha.