Galana mpaka Malindi kwa miguu: pakiti, makopo au vikavu vya nyumbani?

Mwana_Sabaki
Assalam alaykum wanajamvi. Mwezi ujao twashuka na mto Galana kwa miguu hadi Malindi, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Chakula ndicho kimenikwamisha. Niko baina ya mambo matatu: zile pakiti za wapanda milima zinazomiminiwa maji moto tu, makopo ya maharagwe na samaki pamoja na tambi za dakika mbili, au nikaushe mwenyewe nyumbani. Jumamosi natoa pesa. Kipi chepesi na chashibisha?

Kakuyuni_Juu
Wa alaykum salaam. Ndugu, umeagiza kanzu bila kutupa kipimo. Siku ngapi? Watu wangapi? Mwaanzia ndani ya hifadhi au nje ya lango la Sala? Mchana mtapika? Na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mmemhesabu? Ndani ya Tsavo Mashariki hamtembei kwa miguu bila kibali na askari, naye ana tumbo.

Mkomani_Amu
Yakhe, hayo maswali yote ya nini? Tende na mkate wa mofa, basi. Mkate wa mtama ukishatoka, ukate vipande, urudishe tanuni moto ukiwa umelala, utoke mkavu kama biskuti. Hauna tui, hauna mafuta, haushiki kuvu upesi. Ongeza papa mkavu wa mtuzi. Hini ndiyo safari ya majahazi tangu zamani, na watu walifika.

Mwana_Sabaki
Watu wanne, siku tano. Siku ya kwanza tumo ndani ya hifadhi, ya pili twatoka Sala. Asubuhi na jioni tutapika, mchana hapana. Askari sikuwa nimemhesabu.

Kakuyuni_Juu
Basi siku ya kwanza mko watano. Sasa tupige hesabu.

Sala hadi Malindi ni kama kilomita 110 kwa barabara, na mto wapinda kuliko barabara. Mtu atembeaye kilomita 25 juani na mzigo ahitaji kalori 3,000 hivi kwa siku. Mimi ningepanga hivi kwa mtu mmoja: asubuhi unga wa uji gramu 80, maziwa ya unga 30, sukari 30. Njiani tende 120, njugu karanga 100, kashata 60. Jioni mchele 120, nyama kavu 80, samli 30. Hizo ni gramu 650 na kalori karibu 2,800. Chumvi, majani ya chai na iliki havina uzito wa kuhesabiwa.

Kinachobeba hesabu hiyo ni mafuta. Samli ina kalori karibu 880 kwa gramu 100, njugu 570. Mchele na unga ni 360, tende 280. Kwa hivyo ndugu yangu wa Amu (Lamu), tende ni nzuri za kutafuna njiani kwa sababu sukari yake hufika damuni upesi, lakini zina maji ndani. Ukizifanya nusu ya mzigo, utabeba uzito zaidi kila siku ili ushibe. Makopo ndiyo mabaya kabisa: kopo la maharagwe la gramu 400 hutoa kalori 350 hivi, sehemu kubwa ni maji, na bati tupu utalirudisha nyumbani.

La muhimu kuliko yote: si lazima mbebe cha siku tano. Mkifika pande za Langobaya na Kakoneni kuna maduka. Unga, sukari, mafuta, mayai, vyote mtapata. Bebeni cha siku tatu na akiba ya mlo mmoja. Mzigo wa chakula unashuka kutoka kilo 3.25 hadi kilo 2 na kidogo.

Na fungasheni vizuri. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi kwenye hifadhi za taifa: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija. Shoneni vifuko vya kitambaa cha marekani, kimoja kwa siku moja ya mtu mmoja. Faida ya pili ni kwamba hakuna atakayekula cha kesho leo.

Dada_wa_Garsen
Hesabu ya kaka Kakuyuni naikubali, ila "nyama kavu" ni neno pana. Chukueni nyirinyiri, mtashukuru.

Nyama ya paja isiyo na mafuta, kilo tatu. Ikate kamba ndefu nene kama kidole kidogo, ukifuata nyuzi. Chumvi gramu 25 kwa kila kilo. Itundike kivulini penye upepo siku moja na nusu, isiguse ukuta wala kamba nyingine. Kisha ikate vipande vidogo kama punje za mahindi, ukaange katika mafuta kwa moto wa wastani. Mapovu yatakuwa mengi mwanzoni, na mapovu hayo ni maji yanayotoka. Yakikoma na nyama ikalia kavu kwenye sufuria, ipua. Mwisho itie kwenye samli iliyoyeyushwa na iliki, na samli iifunike nyama kwa kina cha kidole. Kilo tatu mbichi hurudi kama kilo moja.

Inaharibika kwa mambo mawili. La kwanza, vipande vinene: nje vimekauka, katikati vimebaki laini, na uozo waanzia humo humo. Kata kimoja uangalie kabla ya kutia samli. La pili, kifuniko. Kwenye joto la Galana samli huwa maji kabisa, itavuja ndani ya nguo. Tumia chombo cha bati chenye mfuniko wa kuzungusha na mpira, kisimame wima ndani ya sufuria. Kukausha kwenyewe kufanyeni sasa wakati wa kaskazi. Kusi ikiingia hewa yalowa, nyama haikauki bila moshi.

Mkomani_Amu
Nyama ya samli ni nzuri, sikatai. Lakini papa hahitaji samli wala mfuniko. Mfunge karatasi, ndiyo basi.

Kakuyuni_Juu
Papa ahitaji maji, bwana. Chumvi yake haitoki ila umloweke na umwage mara mbili. Ukimpika hivi hivi, usiku kucha watu wanakunywa maji ya kesho. Na harufu: ng'onda (samaki mkavu) na papa huita fisi kutoka mbali, na siafu nao hawachelewi. Mkitaka ladha ya bahari chukueni uduvi, gramu 15 kwa sufuria nzima, ndani ya kichupa kilichofungwa. Matunda mabichi pia acheni nyumbani. Ndovu hunusa machungwa na maembe, na hema si ukuta.

Ngomeni_Kaskazi
Nimeona hakuna aliyetaja mahamri, na najua ndiyo watu wa Malindi hubeba bila kuuliza. Naandika kwa urefu kwa sababu kosa hili hurudiwa kila safari.

Mahamri ya tui hupikwa usiku wa kuamkia safari, yakafungiwa yangali moto ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mvuke hauna pa kwenda, hugeuka matone chini ya kifuniko na kurudi kwenye mkate. Siku ya kwanza yanaliwa kwa furaha. Asubuhi ya pili yana utelezi kidogo chini na harufu ya tui lililolala. Mtu husema ni chachu tu, akala. Jioni ya pili ndani yananyumbuka kama gundi, na hapo ndipo tumbo huanza. Siku ya tatu kuna kuvu ya kijani, kundi limepoteza kiamsha kinywa chote kilichobaki, na aliyekula jana anaharisha mahali ambapo kila lita ya maji ni kazi. Tui ndilo chanzo, joto la kufungia ndilo linaloharakisha. Mkiyataka lazima, pikeni kwa maji na maziwa ya unga, yapoe kwa muda wa saa nne juu ya ungo, myale siku ya kwanza yote.

Mtu akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pimeni, msikisie. Chumvi ikizidi yamdhuru zaidi.

Njugu nazo zichambueni moja moja. Iliyonyauka, nyeusi au yenye kuvu tupa, kwa sababu ya sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu zaidi ya mia moja, wengi wao Makueni na Kitui.

Marafa_Nyari
Mwabeba vyote hivyo vya nini na kanga wamejaa pale ukingoni? Mitego miwili tu jioni.

Kakuyuni_Juu
Hapana, mwanangu, usimpeleke mwenzio jela. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito. Wala usidhani nje ya lango sheria imekwisha.

Dada_wa_Garsen
Waata wenyewe, waliokuwa mabingwa wa upinde katika nchi hiyo ya Galana, wamekatazwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na mradi wa Galana wa kuwaachia wawinde kihalali, nao haukudumu. Wao nao walikausha nyama na kurina asali. Asali si mbaya kubeba, kalori 300 hivi kwa gramu 100, ila chupa yake ni mzigo.

Watamu_Kambi
Mmezisahau pakiti. Moja ina gramu 120 hadi 150, kalori 500 hadi 600, yataka maji ya kuchemka nusu lita hivi. Kwa uzito zayashinda makopo kwa mbali. Ila iliyoandikwa "watu wawili" humtosha mmoja aliyechoka.

Kama ni kuokoa kuni au gesi, wali wa kukausha wafanya kazi ileile. Pika mchele bila nazi wala mafuta, usuuze wanga, utandaze papo hapo punje moja moja juu ya chandarua safi juani. Usiuache sufuriani upoe; wali uliolala na joto huzalisha sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa tena. Geuza kila saa, siku mbili, mpaka ulie kama changarawe. Safarini loweka dakika 20, chemsha mbili. Ukiutia mafuta kabla ya kukausha utachacha.

Mwana_Sabaki
Ahsanteni sana. Na hayo maji ya kuloweka? Mto ni tope jekundu.

Ngomeni_Kaskazi
Choteni jioni kungali na mwanga, penye kina kifupi na mawe, kwa kopo la kamba. Mamba na viboko hawana mchezo. Tieni shabu iliyosagwa, kiasi cha punje ya njugu kwa ndoo, korogeni dakika tano, muache usiku. Asubuhi mimineni ya juu taratibu, kisha chemsheni au mtie dawa ya klorini. Msianze na klorini, tope huila yote.

Mkomani_Amu
Mbegu za mzunze (mlonge) zilizosagwa zafanya kazi moya na shabu, na hazina ladha ya chuma.

Ngomeni_Kaskazi
Lakini maji ya mzunze yakilala siku ya pili yananuka, kwa sababu mbegu huacha chembe zake ndani. Yanyweni siku hiyo hiyo.

Mwana_Sabaki
Basi Jumamosi nanunua nyama kilo tatu na pakiti nne za akiba. Tambi sijaamua. Mofa nayo naitaka: kuna anayeoka hapa Malindi, au mpaka niagize Amu?

Mkomani_Amu
Niandikie faraghani. Wataka ya mtama mtupu au ya kuchanganya na mahindi?

Dada_wa_Garsen
Na askari muulizeni mapema anakula nini.